SOMO LA AFYA: KUACHA SIGARA NA KUTOIRUDIA
Mfano wa Mpitimbi, Songea

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa somo la safari hii linahusu uvutaji wa sigara, na hasa lile jambo ambalo masomo mengi ya afya hulipita kwa haraka, nalo ni namna ya kukaa bila ya sigara baada ya kuiacha. Kuacha, wengi wameacha. Wapo walioacha mara nne, na kila mara kwa nia ya kweli. Kilichowashinda ni mwezi wa tatu, au mwaka wa pili, wakati ambapo jamaa na majirani wamekwisha kusahau kuwa mtu huyo aliwahi kuvuta, na yeye mwenyewe ameacha kujilinda.

Mfano uliochaguliwa unatoka Bara, katika Mpitimbi, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma. Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza kwa nini somo la hapa liende mbali kiasi hicho. Sababu ni kuwa mvutaji wa mjini akiacha sigara anaweza kuitoa nyumbani mwake pamoja na kibiriti chake, akabadilisha na njia ili asipite dukani. Mkulima wa tumbaku wa upande wa Songea hana nafasi hiyo. Tumbaku kwake ni shamba, ni ada ya skuli, ni harufu ya nguo zake. Njia itakayomwezesha mtu huyo kuacha na kutorudia itamfaa pia anayekaa barazani Mkunazini na anayefanya kazi bandarini.

Jani la Songea

Tumbaku ya Ruvuma ni tumbaku ya moshi, tofauti na tumbaku ya mvuke inayolimwa Tabora na Urambo. Majani yaliyokomaa huchumwa, huning'inizwa kwenye fito ndani ya bani, huachwa yageuke manjano, kisha moto wa magogo huwashwa chini na kufifishwa ili utoe moshi zaidi kuliko ndimi. Kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi mpaka jani liwe la rangi ya kahawia iliyokolea. Jani la namna hiyo ni kali, lina nikotini nyingi, na hutumika sana kwa kiko, ugoro na tumbaku ya kutafuna.

Zao lenyewe ni la zamani huko. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT, kiliundwa mwaka 1936, na tumbaku ya wakulima wa Songea ilikuwa miongoni mwa mazao yake ya mwanzo. Siku hizi Chama Kikuu cha Ushirika SONAMCU husimamia mauzo ya tumbaku pamoja na ufuta, soya na mbaazi. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa habari hii ni ya kitu kigeni kilicholetwa na matangazo ya biashara. Wapo watu waliosomeshwa kwa jani hilo, na zipo nyumba zilizoezekwa bati kwa fedha zake. Anayemwambia mkulima wa huko kuwa tumbaku ni adui, bila ya kujua hayo, hatasikilizwa, na pengine hastahili kusikilizwa.

Utafiti uliofanywa nchini mwaka 2018 ulionyesha kuwa watu wazima 8.7 kwa kila mia walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine: wanaume 14.6 kwa mia, na wanawake 3.2 kwa mia. Ikilinganishwa na nchi nyingi idadi hiyo si kubwa, lakini kwa watu halisi ni zaidi ya milioni mbili, na kila mmoja wao ana mwili mmoja tu.

Hali ilivyo mwilini

Moshi wa sigara ukishavutwa, nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Hakuna dawa ya kumeza iendayo kasi hiyo, na kasi hiyo ndiyo inayoufunga ubongo na sigara. Baada ya kila muda wa saa 2 hivi, nusu ya nikotini iliyomo katika damu huwa imekwisha. Ndiyo maana mvutaji wa siku nyingi huamka na haja, na sigara ya asubuhi kwake ni tamu kuliko zote. Utamu wenyewe kwa kiasi kikubwa ni kuondokewa na adha ambayo sigara ya jana ndiyo iliyoileta.

Mtu akiacha, nikotini karibu yote hutoka mwilini kwa muda wa siku chache. Katika wiki ya kwanza hukasirika upesi, hukosa usingizi, huona njaa, na akili yake haitulii katika kazi. Adha hizo huwa kali zaidi katika siku za mwanzo, kisha hupungua, na kwa wengi huwa zimekwisha baada ya wiki 2 hadi 4. Kikohozi kinaweza kuzidi kwa muda, kwa kuwa mapafu yameanza tena kujisafisha. Asichukulie mtu kuwa kuacha ndiko kulikomdhuru. Uzito wa mwili nao huongezeka, kwa wastani kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza, na hilo halina hatari inayoweza kulinganishwa na ile ya kuvuta.

Faida huanza mapema. Mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20 tangu sigara ya mwisho. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi hutoka katika damu kwa muda wa siku moja hadi mbili. Mwaka mmoja ukitimia, hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa imepungua kufikia nusu hivi ya ile ya mvutaji. Na baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa nusu hivi. Upande wa kifua kikuu, maradhi ambayo bado yanawasumbua watu wengi Bara na Visiwani, mvutaji yumo katika hatari ya zaidi ya mara mbili ya kuugua kuliko asiyevuta.

Ushahidi mkubwa wa faida hizo unatokana na madaktari wenyewe. Mwaka 1951 mabwana Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walianza kuwafuatilia madaktari wanaume 34,439 wa nchi yao, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kuwa waliovuta sigara maisha yao yote walikufa kwa wastani miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alirejeshewa miaka 3 hivi. Wa miaka 50 alirejeshewa 6. Wa 40 alirejeshewa 9. Na wa 30 karibu yote 10. Mzee asemaye kuwa yeye ameshachelewa atazame tena hesabu hiyo. Bwana Doll naye alikuwa mvutaji, na aliacha pale takwimu zake zilipoanza kumwonyesha ukweli.

Kwa nini mtu hurudi

Hapa ndipo penye suala lenyewe. Iwapo mwili humaliza shughuli yake kwa mwezi mmoja, kwa nini mtu arudi mwezi wa nane?

Mwaka 2010 watafiti wa Israel walichapisha uchunguzi juu ya wahudumu wa ndege waliokuwa wavutaji. Wahudumu hao walipimwa haja ya sigara katika safari fupi na safari ndefu. Ilionekana kuwa haja haikupanda kwa kadiri ya saa walizokaa bila ya kuvuta, bali ilipanda pale ndege ilipokaribia kutua. Mhudumu wa safari fupi aliyekaribia kushuka alikuwa na haja kubwa kuliko mwenzake wa safari ndefu aliyekaa muda ule ule bila ya sigara lakini bado yuko katikati ya anga. Maana yake ni kuwa haja hufuata ruhusa. Pale ambapo mtu anajua kuwa mlango umefungwa, nafsi hutulia. Pale anapoona mlango unakaribia kufunguliwa, nafsi huanza kugonga.

Wasomaji wa Visiwani wanalijua jambo hili bila ya kusafiri kwa ndege. Mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila ya sigara, na kazi yake huifanya. Mtu huyo huyo, siku isiyokuwa ya kufunga, husema hawezi kumaliza kikao cha muda wa saa 2.

Kwa hiyo anayeacha hapigani tu na nikotini iliyomo katika damu. Anapigana na mahali, na saa, na watu, na msimu, ambavyo kwa miaka mingi vimemzoeza kuwa hapa ruhusa ipo. Hiyo ndiyo sababu ya kumtazama mkulima wa Mpitimbi, kwani mwaka wake wote umejaa ruhusa za namna hiyo.

Kuchagua siku

Imezoeleka kuwaambia watu wachague siku yoyote iliyo karibu. Kwa mfanyakazi wa ofisini ushauri huo unatosha, ilimradi siku hiyo isiwe ya mshahara. Kwa mkulima hautoshi.

Mfano ni wa mkulima mwenye mahindi na tumbaku. Akiamua kuacha mwezi wa Juni, ataanza katika baridi. Songea ni nchi ya juu, na asubuhi za Juni na Julai watu hukusanyika kuota moto, na sigara huzunguka pamoja na maneno. Akingoja msimu wa kuuza mazao, atakuwa na fedha mkononi, na vilabu vya komoni vitakuwa vimejaa. Akiamua wakati wa kuchuma na kukausha, ataanza siku zile zile ambazo mikono yake imelowa tumbaku. Nafasi iliyo bora ni ile ya Januari na Februari, wakati wa palizi ya mahindi: kazi ni nyingi, fedha ni chache, mvua inanyesha, na mikusanyiko imepungua. Akianza hapo, wiki zile ngumu zitakwisha kabla ya uchumaji, na atalikabili bani akiwa na miezi miwili au mitatu nyuma yake.

Kwa Mwislamu wa Visiwani, siku ya kwanza ya Ramadhani ni nafasi nzuri, kwa kuwa nusu ya kazi imekwisha kufanywa na saumu. Imbakie kuufunga mlango wa usiku. Wengi hushindwa kwa sababu wao huacha mchana tu, na baada ya futari hulipa deni lote. Mtihani wa mtu wa namna hiyo si mwezi wenyewe bali ni siku ya Idi, na inafaa ajue mapema atakaa na nani siku hiyo.

Suala la kupunguza kidogo kidogo au kukata mara moja huulizwa mara nyingi. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016, wenye watu 697, uliwagawa wavutaji katika makundi mawili, na wote walipewa msaada na dawa za nikotini. Baada ya wiki 4, waliokata mara moja kwa siku iliyopangwa walikuwa 49 kwa mia bila ya kuvuta, na waliopunguza kwanza walikuwa 39 kwa mia. Kwa hiyo kukata ni bora kwa wengi. Kwa huku kwetu ipo sababu nyingine: sigara hununuliwa dukani moja moja, na anayepunguza hana pakiti ya kumhesabia. Kumi za leo huwa nane machoni pake.

Tukirejea hesabu hiyo, sigara 10 kwa siku ni sigara 3,650 kwa mwaka, yaani pakiti 182 na nusu za sigara ishirini. Kila mtu aweke bei ya duka lake na aandike jibu kwenye karatasi.

Wiki za mwanzo

Wengi wanaojaribu bila ya msaada wowote hurudi ndani ya siku 8 za kwanza, na kwa kila mia ni 3 hadi 5 tu wanaokuwa hawajavuta baada ya miezi 6 hadi mwaka. Takwimu hiyo isimvunje mtu moyo. Inaonyesha kuwa aliyeshindwa mara ya kwanza hakushindwa kwa udhaifu wake peke yake, na kwamba msaada ni jambo la lazima.

Wimbi la haja hudumu kwa dakika chache, kisha hupita, mtu avute au asivute. Katika dakika hizo inafaa kubadilisha mahali: kutoka nje, kunywa maji, kutafuna karanga au kipande cha muwa, kushika kazi ya mikono. Vifaa vyote vya kuvutia viondoke nyumbani, na kibiriti cha jikoni kikae jikoni, kisirudi mfukoni.

Lipo jambo moja ambalo wanywaji wa kahawa ya barazani hawalijui. Moshi wa sigara huufanya mwili uivunje kahawa kwa haraka. Mtu akiacha kuvuta na akaendelea kunywa vikombe vile vile, nguvu ya kahawa katika damu yake inaweza kupanda hadi karibu mara mbili. Atatetemeka mikono, moyo utamwenda mbio, usingizi utamkimbia, naye ataseme kuwa ni sigara inamwita. Apunguze kahawa kwa nusu katika wiki za mwanzo.

Bani, kilabu na msiba

Sasa mkulima wa mfano amefika mwezi wa Machi au Aprili bila ya sigara. Uchumaji umeanza.

Nikotini iliyomo katika jani bichi huyeyuka katika umande na maji ya mvua, na hupenya ngozi. Mchumaji aliyelowa hupatwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kuumwa na kichwa na kulegea, na hali hiyo kwa kawaida hupoa kwa siku moja au mbili. Maradhi haya yalielezwa na madaktari mwaka 1970 kutokana na wafanyakazi wa mashamba ya tumbaku ya Florida, Marekani, na yamekuwa yakionekana popote tumbaku inapochumwa kwa mikono. Wavutaji huugua kidogo kuliko wasiovuta, kwa kuwa miili yao imezoea sumu hiyo.

Hapo ndipo penye mtego ambao mara chache hutajwa. Mkulima aliyeacha miezi mitatu amepoteza mazoea yale. Miaka yote alikuwa akichuma na asiugue. Mwaka huu anachuma na anatapika. Mwenzake atamwambia kuwa tangu aache sigara amekuwa mgonjwa, na maneno hayo yataonekana kuwa ya kweli. Atawasha moja, atajiona nafuu ya moyo, na miezi mitatu itakwenda na moshi. Kumbe dawa ilikuwa ni kungoja umande ukauke, kuvaa mikono mirefu, glavu na koti la mvua, kubadili nguo zilizolowa, na kuoga kwa sabuni baada ya kazi. Watoto wasipelekwe katika kazi hiyo kabisa. Miili yao ni midogo na sumu ni ile ile.

Ndani ya bani moshi ni wa magogo, na haufai kifua cha mtu yeyote. Aliyeacha sigara asikae humo bila ya sababu. Zamu za kutazama moto usiku, ambazo zamani zilipitishwa kwa sigara, zipangiwe mtu wa pili asiyevuta, au shughuli ya mikono kama kusuka mkeka. Tumbaku iliyokauka isilazwe katika chumba anacholala, hata kama nyumba ni ndogo. Kama hapana budi, ifungwe vizuri na ifunikwe.

Baada ya bani huja fedha, na baada ya fedha huja kilabu. Pombe hulegeza azimio, na karibu nayo wapo wavutaji. Mwaka wa kwanza ni heri mtu akae mbali na vilabu, au aende mahali ambapo hapavutwi. Atakapokutana na rafiki wa siku nyingi ataambiwa, "Shemeji, kamoja tu ka kuchangamsha." Majibu hapa yanatofautiana kwa uzito. Anayejibu, "Najaribu kuacha," amefungua mjadala, na rafiki yake ataushinda. Anayejibu, "Nimeacha," ataulizwa tangu lini. Anayejibu, "Asante shemeji, sivuti," amekwisha kujibu, na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya mahindi.

Msiba ni mgumu kuliko kilabu, kwa sababu hauwezi kukwepwa. Watu hukesha, huzuni ipo, sigara hutolewa kama sehemu ya kuliwazana, na anayekataa huona kana kwamba anakataa kuliwazwa. Inafaa mfiwa amwambie mapema ndugu mmoja anayemwamini, awe mjomba au kaka, amkalie karibu katika usiku huo. Watu wengi waliokaa miaka bila ya sigara wamerudi katika siku tatu za matanga.

Na kama ameteleza? Sigara moja ni sigara moja. Mwili haujarudi ulikokuwa kwa mara hiyo. Kinachomrudisha mtu ni fikra inayofuata, kwamba kwa kuwa ameshavunja basi na amalize pakiti, au aanze tena mwakani. Aandike ilikuwa wapi, saa ngapi na pamoja na nani, kisha aendelee na hesabu yake kesho asubuhi.

Ugoro, tambuu na shisha

Wapo wanaoacha sigara na kuhamia kwenye ugoro, wakidhani kuwa pasipo na moshi hapana madhara. Katika vijiji vya Kusini ugoro hutumiwa sana na wazee, wanawake kwa wanaume, na kwa kuwa hauonekani kuwa ni uvutaji, haulaumiwi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka tumbaku isiyovutwa katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya kinywa. Tambuu ya Visiwani inayotiwa tumbaku imo katika hukumu hiyo hiyo. Shisha nayo ni tumbaku, hata ikitiwa harufu ya tofaa, na moshi wake ukipita majini hausafishwi.

Dawa

Mpira wa kutafuna na kibandiko chenye nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwezi wa Julai 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku, unaotaja pia vareniklini, bupropioni na sitisini. Dawa hizo humwongezea mtu nafasi ya kufaulu, lakini hazipatikani katika kila duka la dawa, na nyingine zinahitaji ruhusa ya daktari. Anayeupata mpira asiutafune mfululizo kama peremende: hutafunwa mpaka uwashe ulimi, kisha huwekwa kati ya shavu na ufizi mpaka mwasho upungue.

Shamba na ofisi

Lipo suala ambalo mkulima huliogopa zaidi kuliko kikohozi. Akiacha kuvuta, je, imempasa aache na kulima? Haimpasi. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, haukumharamishia mkulima shamba lake. Ibara ya 17 inazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata mazao mengine yenye faida, na ibara ya 18 inataka afya yao na mazingira vilindwe. Upande wa Songea wapo waliohamishia sehemu ya ardhi yao kwenye soya, ufuta na mbaazi, ambazo huuzwa kwa minada ya ushirika. Huo ni uamuzi wa uchumi, na kila nyumba huufanya kwa hesabu yake. Kuacha kuvuta hakungoji hesabu hiyo. Anaweza mtu kuipeleka tumbaku yake sokoni kwa madaraja mazuri na asiwashe hata moja.

Kwa upande wa watumishi, Sheria ya mwaka 2003 ya Tanzania Bara juu ya bidhaa za tumbaku ilikataza kuvuta katika sehemu nyingi za umma na kumuuzia tumbaku aliye chini ya umri wa miaka 18. Mkuu wa kazi aliye na mtumishi anayeacha anaweza kumsaidia kwa jambo dogo: asimtume dukani kumnunulia yeye sigara, na asimwite nje kwa mazungumzo ya faragha pale wavutaji wanaposimama.

Anayetaka msaada aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Kabla ya kwenda, awe na majibu ya maswali mawili: huvuta sigara ngapi kwa siku, na huwasha ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka. Aliye na sigara mkononi kabla ya dakika 5 kupita tangu afumbue macho ana uraibu mkali, na inafaa aliseme hilo mwanzoni mwa mazungumzo, asingoje kuulizwa.